Bei ya Tangazo

Kama hukunisoma wiki iliyopita, usisikitike, hukukosa raha yoyote. Kwa ufupi: mimi ni Ione Telesford, dalali wa nyumba hapa Bed-Stuy, Brooklyn, mtoto wa Kigrenada, na mwaka huu umeamua kunigeuza ngoma, kila apitaye anapiga.

Kervin, mume wangu, alikwenda kung'oa jino akang'oka yeye. Sasa anaishi kwa daktari wa meno. Ofisi yangu ya kwanza ilinifukuza kwa ajili ya choo kilichofurika mbele ya wateja, kana kwamba mimi ndiye niliyekitumia. Ofisi ya pili ikaniambia maneno machache tu: uza fleti ya Modeste Jumapili hii, au rudisha funguo zetu.

Fleti yenyewe iko mtaani kwetu. Nyumba ya mawe ya kahawia, orofa nne, ilikaa tupu miaka na miaka tangu mwenyewe alipofariki. Lennox Modeste akainunua, akaikarabati kuanzia msingi hadi paa, akaigawa fleti mbili. Ya juu ilishapata mtu. Ilibaki ya chini, yenye orofa mbili: vyumba vitatu, bustani nyuma, mlango mmoja usawa wa barabara, na mlango mwingine juu ya zile ngazi za mbele ambazo watu wa hapa huzigombea kuliko jiko.

Tulikaa na Lennox sebuleni, harufu ya rangi mbichi ikitukwangua koo.

"Dola milioni moja na laki nne," akasema.

"Bwana Modeste, ukitaja hiyo watakuja watu watatu, na mmoja wao atakuwa anatafuta choo."

"Umeiona sakafu hii? Mbao za zamani, nimezing'oa, nimezisugua, nimezirudisha moja moja. Umeiona meko? Marumaru ile ile ya babu wa babu!"

"Nimeiona, na wateja wataiona. Lakini kwanza waje. Tutangaze milioni kasoro elfu."

Akanitazama kama nimemtukania mama.

"Sikiliza kwanza," nikamwambia. "Ikifika milioni, mnunuzi anapigwa kodi ya majumba. Kwa hiyo mtu akitafuta nyumba kwenye simu yake, anaweka kikomo pale pale kwenye milioni. Ukiwa juu hakuoni kabisa. Ukiwa chini kwa elfu moja, anakuona, anakuja. Wakija wengi watatazamana. Wakitazamana wataoneana wivu. Jumapili jioni watakuwa wanapandishiana wenyewe, na wewe umekaa unakunywa chai."

"Na wasipopandishiana?"

"Bei ya tangazo haikufungi. Ni chambo tu. Hulazimiki kumuuzia mtu."

Akasugua kidevu. Lennox si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka, amevaa viatu vya bei mbaya, na ana jina moja linalomla moyo. Tulipotoka nje, mpeleka barua akampungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara.

"Vipi, Sita Bila!"

Shingo yake ikawa nyekundu hadi masikioni.

Hilo ndilo jina. Alipokuwa kijana, yeye na marehemu baba yake walikaa kwenye ngazi hizi hizi kucheza domino na baba yangu na mwenzake wa mchezo, Mama Cadore. Walifungwa sita bila, mbele ya mtaa mzima, siku ya sherehe ya mtaa. Kwetu mtu aliyefungwa sita bila ni bora angeanguka msalani. Lennox akahama, akasoma, akatajirika, akarudi na gari lisilo na sauti, na bado vitoto ambavyo havikuwepo siku hiyo vinamwita Sita Bila.

"Sawa," akasema. "Milioni kasoro elfu. Lakini Jumapili wazee wale sitaki kuwaona kwenye ngazi zangu. Baba yako kwanza."

*

Nikamkuta Baba palepale kwenye ngazi, ubao wa domino juu ya magoti, Mama Cadore mbele yake amevaa kofia ya kuzuia jua. Nyumba ilipokuwa tupu wao ndio waliofagia majani, wao ndio waliofukuza wavuta bangi. Ngazi zile waliziona zao, na kusema kweli hakuna aliyewapinga.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba," wakajibu bila kuinua macho.

"Baba, Jumapili naomba msiwe hapa."

"Kwani kuna mvua?"

"Kuna wateja."

"Wateja wanaogopa wazee?"

"Wanaogopa kelele, Baba. Mnapiga meza kama mnaua nge."

Mama Cadore akapigilia kete yake mpaka njiwa wakaruka. "Nani anapiga meza?"

Ilinibidi nicheke. Lakini moyoni sikuwa nikicheka. Baba anakaa orofa ya nne ya jengo lisilo na lifti, na magoti yake yamekwisha kumwambia ukweli. Jengo lenyewe linauzwa, wapangaji wameshaambiwa watafute pa kwenda. Kaka yangu kule Atlanta anataka kumchukua. Mimi nina chumba kimoja na kitanda cha kukunja. Baba kwenda Atlanta ni kumzika akiwa hai: hakuna ngazi za mbele kule, kuna magari na majani yaliyokatwa. Nililijua hilo, nikawa kila siku najiambia nitalifikiria kesho.

Baba akakitazama kibao cha bei ya fleti nilichokuwa nimekifunga kwenye chuma cha ngazi.

"Hiyo bei umeipanga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Mwenye nyumba ameikubali?"

"Ameikubali."

"Bei nzuri," akasema Baba, na akamtazama Mama Cadore. Mama Cadore naye akamtazama. Kisha wakarudi kwenye mchezo wao kama watoto wasiojua nani kavunja sahani.

Ningekuwa na akili ningeuliza. Sikuwa nayo, nilikuwa na miadi na mtu wa maua.

*

Jumapili nikafungua mlango saa saba mchana. Nilikuwa nimeoka biskuti za mdalasini ili nyumba inukie, ndiyo desturi ya sisi madalali. Mtu akinusa mdalasini anadhani ameshahamia. Nikachungulia dirishani nione kama kuna hata wawili watatu.

Foleni ilikuwa imefika kona.

Macho yalinitoka pima. Na haikuwa foleni ya watu wa simu na viatu vya mpira. Walikuwa watu wetu, wametoka kanisani moja kwa moja. Kofia nyeupe, glavu, suti za rangi ya krimu, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanateleza. Mama mmoja amebeba sufuria imefungwa kitambaa. Mwingine ana chupa za mobi, kile kinywaji chetu kichungu cha magome. Waliokuwa mbele wakaanza kuimba kidogo kidogo, wimbo wa kuingia.

"Mmekuja kuangalia nyumba?" nikamuuliza wa kwanza.

"Tumekuja kusindikiza," akasema. "Kwani mtu ananunua nyumba peke yake kama mwizi?"

Hapo nilipaswa kuelewa. Ni desturi ya wazee wetu: mwenzao akienda kununua nyumba humsindikiza kama waendao kuposa, wamevaa, wamebeba chakula, ili muuzaji ajue huyu ana watu. Lakini kichwani mwangu nilikuwa na fleti moja na kazi moja, na foleni ile niliiona ni ya Mungu.

Maana wageni walikuwa wanaiona vilevile. Wanakuja watu wa Manhattan, wawili wawili, wanashuka kwenye gari, wanaona umati wa watu wa suti, na uso unawashuka.

"Hawa wote wanaitaka?" mmoja akaninong'oneza.

"Unawaona mwenyewe," nikamjibu. Sikusema uongo hata neno.

"Tangazo ni milioni kasoro elfu, siyo?"

"Ndiyo tangazo."

"Weka yetu milioni na laki moja. Usimwambie yule wa kofia."

Aliyefuata akaweka laki moja na nusu juu ya milioni. Mwingine laki mbili. Wote walikuwa wanamwogopa mwenye kofia, na mwenye kofia alikuwa jikoni anagawa mikate ya kukaanga yenye samaki wa chumvi. Biskuti zangu hakuna aliyezigusa.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua hata usingizini.

"Ione! Umependeza."

Kervin. Suti ya bluu, na mkono wake umeshikwa na daktari wa meno.

"Meno yanang'aa, Kervin."

"Nina punguzo," akasema, akacheka peke yake. Akazunguka vyumba, akagonga kuta, akafungua mabomba. Daktari akapendezwa na meko. Akapendezwa na bustani. Akasimama dirishani akaangalia ngazi za mbele.

"Hapa tutaweka geti," akasema. "Watu wasikaekae."

Kervin akanivuta pembeni. "Milioni moja, laki tatu na arobaini elfu. Taslimu. Hakuna atakayefika hapo."

Moyo ulinienda mbio, na sitawadanganya, ulikuwa wa furaha. Mbinu yangu imefanya kazi! Modeste atanibusu miguu. Ofisi itaniwekea kiti chenye magurudumu. Hata kama mnunuzi ni Kervin, pesa haina sura.

Ndipo umati ukapisha njia, na Baba akaingia.

Alikuwa amevaa suti ya harusi yangu. Yaani ile aliyoivaa siku ya harusi yangu, maskini. Akavua kofia mbele yangu kama mtu aliye mbele ya karani. Nyuma yake Mama Cadore, glavu nyeupe, mkoba kifuani.

"Dalali," akasema Baba kwa sauti ya watu kusikia. "Mimi na mwenzangu tumekuja kuchukua nyumba. Kwa bei yako uliyoandika. Hatupunguzi hata senti."

Watu wakapiga makofi. Mtu akasema amina.

Nikamshika mkono nikampeleka chumba cha nyuma, Mama Cadore akatufuata.

"Baba, mwenzako nani? Nyinyi wawili mnanunua nyumba?"

"Usinitazame hivyo," Mama Cadore akasema. "Yeye chumba cha chini kwa ajili ya magoti, mimi cha juu, na jiko ni langu. Cha tatu chako, ukichoka na kile kitanda cha kukunja."

"Na fedha?"

"Mwenzangu zamu yake ya upatu imefika, aliomba awe wa mwisho ili apokee kwa mkupuo," akasema Baba. "Chama cha akiba cha kanisa kinatukopesha iliyobaki. Wamekisoma kibao chako, wakakubali hadi hapo. Na mimi nimetoa yangu."

"Yako ipi, Baba? Wewe huna."

Akaanza kuipindapinda kofia.

"Nimeuza shamba."

Shamba ni kungumanga za babu yangu, kule Gouyave, kisiwani kwetu, kilimani juu ya bahari. Baba aliondoka kule kijana, na tangu hapo kila akiudhika na baridi, na polisi, na lifti isiyokuwepo, husema: nitarudi shambani kwangu. Ndiyo ilikuwa silaha yake. Sasa hana pa kutishia kurudi.

"Lini?"

"Ulipofunga kibao. Nilimpigia binamu yangu siku ileile. Alikuwa analitaka siku nyingi."

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Baba, ile si bei. Ile ni chambo."

"Chambo cha nani?"

"Cha watu."

"Na mimi ni nani?"

Wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia baba yangu, na suti yake ya harusi.

"Mtu akiandika bei," akasema polepole, "kwetu ameapa. Kungumanga ukiiandikia bei sokoni Gouyave halafu mtu akaja na pesa hiyo mkononi, ukimkatalia hutauza tena soko lile. Nilijua wewe ni mwanangu. Sikufikiria kuuliza."

"Wameweka zaidi, Baba. Wameona watu wako wamejaa, wakaogopa. Watu wako ndio waliopandisha bei."

Mama Cadore akatazama glavu zake. "Mungu wangu," akasema. "Tumejisindikiza wenyewe kaburini."

*

Lennox alifika saa kumi, viatu vinameta. Nikamwonyesha ofa zote, kama sheria yetu inavyotaka, hakuna kuficha hata moja. Akaanza juu.

"Milioni, laki tatu na arobaini! Ione, wewe ni mchawi." Akashuka, akashuka, mpaka chini kabisa. "Na huyu mwenye bei ya tangazo? Hakusikia mnada?"

"Ni baba yangu."

Akaacha kucheka.

"Na Mama Cadore. Lazima nikwambie kwa sababu ni ndugu yangu, na mimi ni dalali wako. Na nakwambia lingine si kama dalali: ameuza shamba lake. Alidhani bei ni bei. Kosa ni langu."

Lennox akasimama dirishani. Nje, foleni haikuwa imetawanyika. Walikuwa wanasubiri kupiga vigelegele. Na Baba, ambaye niliambiwa nimwondoe kwenye ngazi, alikuwa ameketi kwenye ngazi, ubao magotini.

"Pole sana," Lennox akasema, na nadhani alimaanisha. "Lakini mimi si kanisa."

Akatoka nje. Nikamfuata. Kervin naye akanifuata, ananinusanusa kama paka aliyeona samaki.

"Sita Bila," Baba akasema. "Siku hizi huamkii wakubwa?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kukueleza kiungwana, Mzee. Bei yako siwezi."

"Nimeshaelezwa. Basi kaa tucheze mmoja wa mwisho kabla sijakupisha. Au bado unaumwa?"

Watu wakaangua kicheko. Mtu nyuma akaanza, "Sita Bila! Sita Bila!" na watoto wakadakia, na punde mtaa mzima ulikuwa unaimba kwa mapambio, mpaka kofia nyeupe zikayumba.

Niliona Lennox anavyobadilika. Kwanza masikio, halafu shingo. Akavua koti, akalitundika kwenye chuma cha ngazi, juu ya kibao changu.

"Nyamazeni!" Wakanyamaza. "Mzee Telesford, mbele ya watu wako wote. Wa kwanza kufika sita. Mkinifunga leo, nyumba ni yenu kwa bei ya tangazo, natia saini hapahapa. Nikiwafunga, utasimama juu ya ngazi hizi, uniite Bwana Modeste, useme na mtaa mzima usikie kwamba jina lile limekufa. Kisha unaondoka, na hukai tena hapa."

"Huwezi!" Kervin akaruka. "Ofa yangu ni taslimu! Watu hawauzi nyumba kwa domino!"

"Nyumba ya nani?" Lennox akamuuliza.

"Yako, lakini..."

"Basi kaa kimya, jino la mwenzio," Mama Cadore akamwambia, huku akivua glavu kidole kimoja kimoja. Hapo nilijua vita vimeanza.

Baba akanyoosha mkono. Lennox akaupokea.

"Mwenzako nani?" Baba akamuuliza. "Marehemu baba yako hayupo. Domino ni watu wanne."

Lennox akageuka huku na huku. Mtaa mzima ukaangalia pembeni. Hakuna aliyetaka kuketi upande ule. Macho yake yakaishia kwangu.

"Ione. Wewe ni dalali wangu."

"Bwana Modeste, tafadhali."

"Umeweka saini kunitumikia mimi. Au?"

Nikamtazama Baba aniokoe. Akatikisa kichwa kukubali.

"Hapo amesema kweli. Kaa, mwanangu."

"Baba!"

"Kaa. Lakini usikie." Akaniinamia, harufu ya karafuu na dawa ya magoti. "Nimekufundisha mchezo huu mimi. Ukinibeba nitajua. Na mimi sibebwi."

Nikaketi. Lennox mbele yangu, Baba kulia kwangu, Mama Cadore kushoto. Zamu inakwenda kulia. Kervin akasimama nyuma ya kiti changu, ananipumulia shingoni, anaona kila kete niliyoshika.

*

Sitawachosha na yote. Wazee walichukua mbili za kwanza kama wanachuma maua. Lennox alikuwa amefanya mazoezi huko alikokuwa. Hakuwa yule kijana tena. Akapata moja, akapiga kelele, "Imekufa! Hata mkishinda si sita bila!" Watu wakamwambia jina halifi hivyo, akachukia akapata nyingine. Mimi nilicheza kwa haki. Nawaapia. Nilicheza kwa haki mpaka mkono ukaniuma, na kila kete niliyoweka vizuri niliona bega la Baba linashuka kidogo.

Tano kwa tano.

Kete zikachanganywa kwa mara ya mwisho. Mtaa ulikuwa kimya hata ukasikia barafu ikiyeyuka kwenye mobi. Zikachezwa, zikaisha mikononi, mpaka mstari ulikuwa na tatu upande mmoja na tano upande wa pili, na zamu ikawa yangu.

Nilibaki na kete mbili: tano-nne, na tatu-mbili.

Mwalimu wangu, Baba huyuhuyu, aliwahi kuniambia, anayecheza domino bila kuhesabu ni mtu anayepanga tofali. Nilihesabu. Nne zote zilishatoka, isipokuwa hiyo yangu na nne pacha, ile yenye nne pande zote mbili. Baba alibaki na kete moja. Ilikuwa ni nne pacha, hakuna nyingine iliyowezekana. Na Lennox alibaki na moja, ya mbili; alikuwa amepita, hana cha kuweka, kwa kila namba nyingine, na macho yake yalikuwa yananisihi mbili, mbili, mbili.

Nikiweka tatu-mbili, Baba anapita, Lennox anamaliza. Nyumba kwa Kervin, geti kwenye ngazi, Baba Atlanta.

Nikiweka tano-nne, Baba anapigilia nne pacha, anamaliza, na analala nyumbani kwake.

Dalali mzuri angeweka tatu-mbili. Mchezaji mzuri pia.

Nikaweka tano-nne.

Nyuma yangu Kervin akakohoa kama aliyemeza mfupa. Lennox akanikodolea macho. Sikumjali. Nilikuwa namtazama Baba, nasubiri mkono wake upande juu, nasubiri meza iruke, nasubiri mtaa upasuke.

Baba aliitazama kete yangu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaninyanyulia macho, na niliona kwamba ameshajua, na kwamba ameumia kuliko alivyoumia kwa ajili ya shamba.

Akaifunika kete yake kwa kiganja. Kwa mkono wa pili akagonga ubao mara mbili.

"Napita," akasema.

Mtaa ukaguna. Ni mimi na yeye tu tuliojua alichoshika. Mtu mwenye kete ya kuchezeka haruhusiwi kupita. Katika maisha yake yote Baba hakuwahi kuiba mchezo, na leo aliuiba ili ashindwe.

Lennox akagonga. "Napita."

Mama Cadore akatazama kete zake, akafumba macho. "Napita."

Zamu ikarudi kwangu. Mkononi nilikuwa na kete moja, tatu-mbili, na tatu ilikuwa inanisubiri pale mwisho wa mstari. Nikiiweka, nimemfunga baba yangu.

Nikafunga ngumi. Nikanyoosha kidole nigonge ubao kama alivyogonga yeye.

"Mbona anataka kupita?" sauti ya Kervin ikasema juu ya kichwa changu, na mtaa mzima ukasikia. "Si ana tatu?"